Faili la Mgongo

Mtaani kwetu Makorora, Tanga, mwanamke aliyewahi kujifungua kwa upasuaji haulizwi kwa nini mgongo unamuuma. Jibu lipo kabla hajamaliza kulalamika: ni ile sindano ya ganzi. Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa kwa upasuaji, na miguu yangu ilipoanza kuwaka moto mwaka uliofuata, hukumu ilitolewa sebuleni kwetu. "Mama Salma," alisema mama mkwe, "mgongo ukishatobolewa haurudi kuwa mgongo." Wifi zangu wakaitikia. Mimi ni mwalimu wa Historia, kazi yangu ni kuwadai wanafunzi ushahidi, lakini siku hiyo nilikuwa nimelala ubavu kwenye mkeka na sikuwa na nguvu za kumdai mtu chochote.

Ugonjwa wangu unaitwa araknoidaitisi. Jina hilo lilichelewa kunifikia, na lilipofika halikuja na nilichokitarajia. Nilidhani mgonjwa hutafuta jina la ugonjwa wake ili apewe dawa inayouponya. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Kwa hiyo jina lake lina kazi nyingine: linakuonyesha mambo ambayo hupaswi kukubali kufanyiwa.

Uti wa mgongo umefunikwa kwa tando tatu. Wa nje ni mgumu, wa ndani umegandamana na uti wenyewe, na wa katikati, laini na mwembamba, ndio araknoida. Kati ya huo wa katikati na ule wa ndani hupita maji ya uti wa mgongo. Uti wenyewe haufiki chini kabisa. Kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kuanzia hapo hushuka mishipa ya fahamu, mmoja mmoja, ikielea ndani ya maji yale, ikielekea miguuni, kwenye kibofu, kwenye njia ya haja kubwa na sehemu za siri. Araknoida ikishambuliwa na vijidudu, damu, kemikali au kisu cha upasuaji, huvimba. Uvimbe ukikaa muda mrefu huacha makovu, na makovu huigandisha mishipa pamoja au huibandika kwenye ukuta wa mfuko wa tando hizo. Daktari aliyenifafanulia alinipeleka jikoni: tambi zilizopoa ndani ya sufuria bila mafuta. Mishipa inayopaswa kuteleza kila unapoinama au unapokaa sasa inavutwa, na ikivutwa inauma.

Kwangu mambo yalianzia kichwani, mbali kabisa na kiuno. Kichwa kiliuma kwa wiki nyingi, homa ikija jioni na kuondoka alfajiri, kisha nikaanza kutapika na kuchanganya majina ya wanafunzi niliowafundisha miaka mitatu. Nililazwa. Walinichoma sindano mgongoni kuchukua maji, na majibu yakaelekea upande mmoja: seli za kinga zimejaa, protini iko juu, sukari iko chini. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo iliyoletwa na kifua kikuu. Nilishangaa, maana sikuwa nakohoa. Nikaelezwa kwamba bakteria wa kifua kikuu wanaweza kutoka mapafuni kimyakimya na kuhamia kwenye tezi, mifupa, figo au tando za ubongo. Nilipewa deksamethasoni kutuliza uvimbe, na dawa za kifua kikuu za mwaka mzima: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi kumi. Dawa hizo nchini kwetu hutolewa bure, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana mengine yote yaliyofuata hayakuwa bure.

Kichwa kilipona. Nilirudi nyumbani, nikaanza kula, nikaanza hata kusahihisha madaftari. Ndipo nikiwa bado katikati ya dozi, miguu ikaanza. Kwanza nyayo zikawaka. Kisha paja la kushoto likawa na ganzi upande wa nyuma, huku nikihisi maji baridi yanatiririka juu ya ngozi kavu. Usiku misuli ya vigimbi ilikaza hadi nikamwamsha baba watoto anikande. Kukaa kulikuwa kubaya kuliko kusimama, kusimama kubaya kuliko kutembea kidogo, na kulala ubavu ndiko kulikokuwa na nafuu.

Maelezo yalikuja kwa wingi, kila mmoja na lake. La sebuleni mmelisikia. Jirani mmoja alisema dawa za kifua kikuu zimeshindwa, niache. Mchua misuli wa mtaa wa pili alisema mshipa umepanda, akaukanda mgongo wangu hadi nikalia, akaletwa tena siku nyingine, nikamkataa. Muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu alifikiri vizuri kuliko wote. Alijua kwamba isoniazidi, mojawapo ya dawa nilizokuwa nameza, humaliza vitamini B6 mwilini na kuharibu mishipa ya miguuni, hivyo akanipa piridoksini. Ilikuwa dhana halali, na mgonjwa yeyote wa kifua kikuu anayewaka nyayo anapaswa kuchunguzwa kwa dhana hiyo kwanza. Lakini madhara ya isoniazidi huanzia vidoleni na kupanda miguu yote miwili sawasawa, na hayagusi mkojo. Kwangu mguu wa kushoto uliutangulia wa kulia kwa mbali, na mkojo nao ulikuwa umeanza kugoma.

Kisha kulikuwa na hospitali moja binafsi ambako picha ya siti skani ilionyesha diski imetokeza kidogo. Daktari wa hapo alitaka kuitoa haraka. Ukoo ulianza mchango. Kaka yangu wa Muheza alitoa, shangazi wa Pangani akatoa, walimu wenzangu wakapitisha daftari, na bado fedha hazikutimia. Niseme ukweli: ukata ndio ulioniokoa na kisu. Diski iliyotokeza kidogo huonekana kwa watu wengi wasioumwa kabisa, na siti skani ya kawaida haionyeshi vizuri mishipa iliyo ndani ya maji. Mfuko wa mchango ulipokuwa nusu, yule muuguzi wa kifua kikuu alisema mgonjwa wake haendi kupasuliwa kabla hajaonwa na daktari wa mishipa ya fahamu Dar es Salaam. Akaniandikia rufaa kwa mkono wake.

Safari ya basi kutoka Tanga nilisimama sehemu kubwa, nimeshika bomba la juu, abiria wakinishangaa kwa kuacha kiti nilichokilipia. Daktari alikuwa mama wa makamo.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba, mwalimu. Umesafiri umekaa au umesimama?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilipojibu, aliandika. Akauliza maumivu yanakuja saa ngapi, yanapanda au yanashuka, moto ni wa wapi na ganzi ni ya wapi. Akauliza pasipo kupunguza sauti wala kuipandisha: mkojo unatoka wote? Unajua kibofu kimejaa? Choo je? Unapojifuta unahisi? Na ndani ya ndoa, kuna kilichobadilika? Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini aghalabu mgonjwa hafichi, hajaulizwa. Mambo hayo yote matano mimi nilikuwa nayo, na yote yalitoka siku hiyo kwa sababu yaliulizwa na mtu aliyeonekana kuyahitaji kwa kazi yake.

Akagonga magoti na vifundo kwa nyundo ndogo, mguu haukuruka. Akanichoma kwa pini kuanzia vidoleni hadi makalioni, akachora mipaka kwenye karatasi. Ultrasaundi iliyofanywa baada ya kukojoa ilionyesha kibofu kimebaki na mkojo mwingi ambao mimi sikuuhisi. Alisema mishipa inayoumwa ni mingi, ya pande zote mbili, na imo mahali ambapo diski moja ndogo haiwezi kuifikia yote. Akaagiza MRI yenye dawa ya kung'arisha.

Nilifundishwa kuisoma picha ile, na mwalimu akifundishwa hasahau. Katika aina moja ya picha za MRI, maji ya uti wa mgongo huonekana meupe na mishipa huonekana kama nyuzi nyeusi. Mtu asiye na ugonjwa huu akilala chali, nyuzi hizo hutulia upande wa nyuma wa mfuko, zimetengana. Zangu zilikuwa zimekusanyika mafungu mafungu, na sehemu ya chini zilikuwa zimeganda ukutani hadi mfuko ukaonekana mtupu. Mahali pengine maji yalizibwa na makovu yakawa vidimbwi. Mwaka 1990 Delamarter na wenzake waligawa picha za ugonjwa huu katika makundi matatu: mishipa iliyogandamana katikati, mishipa iliyobanduka katikati na kushikamana na kuta, na mfuko uliojaa kovu tupu. Mimi nilikuwa nimepita la kwanza na kuingia la pili. Daktari alinionya nisiyafanye makundi hayo kuwa kipimo cha maumivu, kwa sababu kuna mwenye picha mbaya anayetembea sokoni na mwenye picha nafuu asiyetoka kitandani.

Ilibaki kujua kama bakteria wangu walikuwa sugu. Alinichoma sindano moja zaidi mgongoni, baada ya kunieleza kwa nini hiyo ina sababu na kwa nini itakuwa ya mwisho bila sababu nyingine kubwa kama hiyo. Yalitoka matone machache ya njano, yakaganda yenyewe ndani ya chupa kwa wingi wa protini, hali iliyoelezwa na Mfaransa Georges Froin mwaka 1903. Usugu haukuonekana. Kumbe dawa zilikuwa zinafanya kazi. Bakteria wanapokufa, mfumo wa kinga unaweza kuyashambulia mabaki yao kwa hasira na kuzidisha uvimbe, hata mgonjwa akaonekana anarudi nyuma ilhali matibabu yanakwenda mbele. Ningemsikiliza jirani na kuacha dozi, ningekuwa na makovu na bakteria pia.

Nikaendelea na dawa za kifua kikuu na kuongezewa prednisoloni iliyopunguzwa polepole. Uso ulijaa, usingizi ukapaa, sukari ikawa inapimwa mara kwa mara. Nguvu za miguu zilirudi kiasi cha kutembea na fimbo. Moto haukuzimika. Makovu yaliyokwisha kujengeka hayayeyushwi na kidonge.

Nilipopona kiasi cha kusoma, niliutafutia ugonjwa historia yake kama ninavyofanya kwa vita na mikataba. Nilikuta mashtaka ya mama mkwe yana mizizi ya kweli. Tarehe 13 Oktoba 1947, katika hospitali ya Chesterfield, Uingereza, wanaume wawili, Albert Woolley na Cecil Roe, walichomwa ganzi ya mgongo kwa ajili ya upasuaji mdogo, na wote wawili wakapooza kuanzia kiunoni. Kesi yao iliamuliwa na mahakama ya rufaa mwaka 1954, wakashindwa. Mahakamani ilielezwa kwamba vichupa vya dawa vilihifadhiwa ndani ya fenoli, nayo ikapenya kwenye nyufa zisizoonekana. Baadaye sana wengine walihoji kama si asidi ya kusafishia chombo cha kuchemshia vifaa. Vyovyote ilivyokuwa, kemikali isiyotakiwa ilifika kwenye araknoida.

Kuanzia miaka ya 1940, madaktari walipiga picha za mgongo kwa kudunga dawa ya mafuta, iofendileti, iliyouzwa Uingereza kwa jina la Myodil na Marekani kwa jina la Pantopaque. Mafuta yale hayakufyonzwa upesi. Yalikaa ndani ya maji ya mgongo miaka, na baadhi ya waliodungwa walipata makovu haya haya. Matumizi yake yalikoma polepole pale dawa zinazoyeyuka kwenye maji, na hatimaye MRI, zilipochukua nafasi yake. Mwaka 2012 Marekani ikaona jambo jingine: sindano za steroidi za mgongoni zilizotengenezwa na famasi moja ya Massachusetts zilikuwa na kuvu. Zaidi ya watu 700 waliugua, zaidi ya 60 wakafa, na araknoidaitisi ilikuwa miongoni mwa madhara yaliyowapata baadhi ya waliopona.

Ukizisoma habari hizo tatu pamoja, unaona kwamba kilichowaumiza watu ni kile kilichopita ndani ya sindano. Ganzi ya mgongo ya leo, kwa dawa safi na mikono safi, huleta araknoidaitisi kwa nadra sana, na huwaokoa wazazi wengi kila siku katika hospitali zetu. Kwa upande wangu, sindano ya uzazi haikuwa na hatia. Nimelisema hilo sebuleni, kliniki na kwenye vikundi vya kina mama, kwa sababu nimesikia wajawazito wakikataa upasuaji wa dharura kwa hofu ya mgongo. Katika nchi zenye kifua kikuu kingi kama zetu, chanzo cha kutiliwa shaka kwanza ni maambukizi, hasa kwa mtu aliyewahi kuugua homa ya uti wa mgongo.

Maisha na ugonjwa huu ni kazi ya mpangilio. Dawa za kawaida za maumivu hazikunisaidia, na diklofenaki niliyokuwa namezeshwa mfululizo ingeweza kuniharibia tumbo na figo. Maumivu yanayotoka kwenye mshipa wa fahamu ulioumia yana dawa zake: amitriptilini kidogo usiku, gabapentini inayopandishwa hatua kwa hatua. Hukausha mdomo, huleta usingizi na kizunguzungu, na hazikatizwi ghafla. Hazimalizi maumivu. Kwangu zimeyashusha kutoka maumivu yanayonifuta akili hadi maumivu ninayoweza kufundisha nayo.

Kibofu kilihitaji ujasiri zaidi kuliko mgongo. Muuguzi alinifundisha kujitoa mkojo kwa mpira mwembamba, baada ya kunawa mikono, kila baada ya saa nne hadi sita. Mkojo unaobaki huoza, huleta maambukizi, na mwishowe hupandisha shinikizo hadi kwenye figo. Choo nacho kina ratiba yake: dona, papai, maji ya kutosha, na kukaa chooni baada ya chai ya asubuhi, wakati utumbo wenyewe unapoamka. Kuhusu chumba cha kulala, mimi na baba watoto tulizungumza yale ambayo ndoa nyingi za umri wetu hazijawahi kuyazungumza, na nitaishia hapo.

Shuleni nilipata kiti kirefu ambacho ni nusu kukaa na nusu kusimama. Mkuu wa shule alinipangia vipindi visivyofuatana, na kwenye ofisi ya walimu kuna mkeka nyuma ya kabati. Siku ya nafuu ndiyo siku ya hatari, kwa sababu inakushawishi ufue, upike na usafishe nyumba, na kesho yake unalipa. Nimejifunza kuacha kazi ikiwa bado ninaiweza. Jioni mimi hutembea ndani ya maji ya bahari pale Raskazone yanapofika kifuani. Maji hubeba uzito na misuli hufanya kazi bila mgongo kugongwa. Mtaalamu wa mazoezi tiba alinionya nisinyooshe miguu kwa nguvu hadi mshipa uvutike. Na kwa kuwa nyayo hazihisi vizuri, nakagua miguu kila usiku, sikai karibu na jiko la mkaa, wala sikanyagi mchanga wa saa nane bila kandambili.

Wauza matumaini wamepita pia: aliyetaka kuuvunjavunja mgongo ili aupange upya, mwenye dawa ya mizizi ya kuyeyusha kovu, mwenye namba ya kliniki ya ng'ambo. Wapo madaktari wa kweli katika nchi tajiri wanaoweka kifaa cha umeme karibu na uti wa mgongo ili kupunguza maumivu, na baadhi ya wagonjwa hunufaika, ingawa hakiondoi ugonjwa. Kulikata kovu kwa kisu, isipokuwa kwa sababu maalumu kama shimo la maji linalokua ndani ya uti, mara nyingi huzaa kovu jingine. Ili shimo kama hilo ligunduliwe mapema, mimi hurudia kupimwa nguvu na hisia za miguu, na dalili mpya haingoji miadi.

Nina faili la plastiki la bluu. Ndani yake kuna ripoti ya MRI, orodha ya dawa na dozi zake, na ukurasa mmoja alioniandikia daktari: chanzo, mahali makovu yalipo, na mambo ya kuepuka. Hakuna upasuaji wa diski bila maoni ya daktari wa mishipa ya fahamu. Hakuna steroidi ya mgongoni. Hakuna ganzi ya mgongo.

Mwaka jana nilihitaji kuondolewa uvimbe kwenye kizazi. Kijana wa dawa za usingizi alinipitia wodini jioni ya kuamkia upasuaji. "Mama, tutakuchoma ganzi ya mgongo, ni salama kuliko nusukaputi." Kwa karibu kila mwanamke wa wodi ile alikuwa sahihi. Nilimpa faili. Aliusoma ukurasa ule amesimama, akaomba ruhusa kuuchukua, akaenda kumpigia simu mkubwa wake. Aliporudi alikuwa ameshabadilisha fomu.

"Mama, kwako dawa haitasambaa tunavyotaka, na ikituama sehemu moja inaweza kuiumiza mishipa. Tutakulaza kwa nusukaputi. Asante kwa kuja na karatasi."

Nilipozinduka kidonda cha tumbo kiliuma, na miguu yangu ilikuwa vilevile nilivyoingia nayo. Kwa mwenye araknoidaitisi, kutoka chumba cha upasuaji na miguu ileile ni matokeo mazuri.